Mashine ya moshi ya kutafuta mvujo wa mvuke wa petroli: ununue au uache?

Habari zenu wadau, karibuni gerejini hapa Ngamiani, Tanga. Mlikuwa mnauliza kuhusu hiki kisanduku cha moshi, leo tunakipima mbele yenu. Mgonjwa tunaye: pikapu ya petroli ya soko la Marekani, usukani kushoto, kazi yake kubeba machungwa kutoka Muheza. Taa ya injini inawaka, skana inasoma P0455, mvujo mkubwa kwenye mfumo wa kunasa mvuke wa petroli. Mwenye gari kashanunua mfuniko mpya wa tenki, taa ikarudi vilevile. Na ashukuru si P0456, maana hapo tungekuwa tunasaka tundu la nusu milimita.

Wenye dizeli, hii haiwahusu. Hata pikapu nyingi za petroli zisizo za soko la Marekani zina kanista ya mkaa, yaani kopo linalonasa mvuke wa petroli, lakini kompyuta yake haipimi mvujo. Taa haiwaki, utasikia harufu tu.

Kabla ya moshi kuna kipimo cha bure. Injini inanguruma bila kukanyaga mafuta, chomoa plagi ya umeme ya valvu inayopeleka mvuke kwenye injini, toa hozi ya upande wa kanista, weka kidole pale kwenye valvu. Ikifyonza, valvu imekwama wazi. Ndiyo ile gari inayosumbua kuwaka ukitoka tu sheli kujaza. Hii haifyonzi, tuendelee.

Mashine inachemsha mafuta mepesi yawe moshi, kompresa inausukuma. Ninachokipenda ni rejeleta ya kupunguza presha, na geji ya kuisoma. Mfumo huu unataka presha ndogo, nusu psi tu, ukiupiga hewa ya kompresa moja kwa moja unapasua vilivyokuwa vizima. Zile za bei poa zisizo na geji, mimi hata bure sichukui. Nisichokipenda: hii inatumia hewa ya kawaida, haina njia ya naitrojeni, gesi isiyosaidia moto kuwaka. Hewa na mvuke wa petroli ndani ya tenki, pamoja na cheche, ni mlipuko. Ndiyo maana umeme wake nautoa kwenye betri nyingine, kuleee nje.

Valvu ya kupumulia huku nyuma kwa kawaida iko wazi, kwa hiyo naziba hozi yake kwanza. Sasa tazameni kile kigololi kwenye bomba la kioo la mashine, kinachoelea moshi ukiwa unapita. Mfumo ukishajaa na hauvuji, kinashuka mpaka chini. Hiki kimegoma, kinaelea juu. Dogo, zima taa, lete tochi. Mnauona ule uzi mweupe? Unatoka kwenye mdomo wa bomba la kujazia, pale mpira wa mfuniko unapokalia. Kutu! Chumvi ya bahari imekula chuma, mfuniko mpya umekaa juu ya magamba.

Kwa gereji inayopokea gari za namna hii, nunua, ila yenye geji, na ikiwa na njia ya naitrojeni ongeza hela uichukue hiyo. Kwa gari lako moja, mlipe fundi tu. Na ukishatengeneza usijaze tenki pomoni, kompyuta nyingi hurudia kipimo mafuta yakiwa kati ya asilimia 15 na 85. Bomba la huyu linaagizwa, kwa hiyo kwa sasa machungwa yatasafiri na taa yake ikiwaka.