Daftari au benchi: uchungu wa zamani uupeleke wapi?

Njia ya kwanza ni rahisi: daftari na kalamu. Mwanasaikolojia wa Marekani, James Pennebaker, aliijaribu kwa wanafunzi wa chuo katika utafiti uliochapishwa 1986: dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuandika lililokuumiza bila kujali tahajia. Waliomwaga yote walitoka na huzuni zaidi siku ile. Nafuu ilikuja baadaye, wakapunguza safari za zahanati.

Njia ya pili inatoka Zimbabwe. Tangu 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda amekuwa akiwafunza kina bibi wa mitaani kukaa na mtu kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Shida wanaiita kwa Kishona *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Bibi anasikiliza, kisha mnachagua tatizo moja la kuanza nalo.

Daftari linatunza siri, jambo kubwa kwa mtaa wenye umbea kama wetu. Lakini halikuulizi swali. Niliandika kuhusu ndugu aliyenidhulumu. Ukurasa wa tatu narudia sentensi ileile, kalamu imetoboa karatasi. Shangazi yangu, akipepeta mchele, aliniuliza moja tu: "Sasa mwanangu, unataka akuombe radhi, au unataka usingizi?" Ungo uliisha sina jibu.

Kwa jeraha bichi, ningeanza na mtu. Daftari nimeliachia yale ambayo hata shangazi hapaswi kuyajua.