Revit na vigae vya nakshi: programu hupimwa pembezoni mwa sakafu

Sakafu ya vigae vya nakshi huvutia macho katikati, lakini ustadi wa aliyeisanifu huonekana pembezoni, pale ruwaza inapokutana na ukuta na fundi hana budi kukata. Kwa kigezo hicho nimeipima Revit, programu ya kusanifu majengo ya Autodesk, na ninaona kwamba inachora ruwaza kwa umahiri mkubwa, ila inamtaka msanifu aamue mapema kama anahitaji mchoro wa vigae au vigae vyenyewe.

Njia nyepesi ni ruwaza za kujazia nyuso, nazo ziko za aina mbili. Moja hufuata karatasi, kwa hiyo mistari yake hubaki na nafasi zile zile hata kipimio cha mchoro kikibadilika. Nyingine hufuata jengo, na kwa kazi ya vigae hii ndiyo ya kutumia, kwa kuwa kigae cha milimita 300 hubaki milimita 300 iwe mchoro ni wa 1:20 au 1:100, na mistari yake inaweza kusogezwa, kuzungushwa, kupimwa na kulinganishwa na mstari wa katikati ya chumba. Chukulia chumba chenye upana wa milimita 2,450, vigae vya milimita 300 na viungo, yaani nafasi kati ya kigae na kigae, vya milimita 3. Ukianza kupanga kutoka ukuta mmoja, vigae vinane vitaingia vizima na upande wa pili utabakiwa na ukanda wa milimita 26. Ukiweka kiungo katikati ya chumba, kila upande utaishia na kipande cha milimita 11.5, ambacho hakuna fundi atakayekikata kwa furaha. Ukiweka kigae katikati badala ya kiungo, vigae saba vinabaki vizima na kila ukuta unapata kipande cha milimita 163, zaidi ya nusu ya kigae. Katika Revit uamuzi huo ni suala la kuchagua mstari mmoja wa ruwaza na kuusogeza mahali pake, kisha sakafu nzima inaufuata papo hapo. Kwa sehemu hii peke yake ninaisifu bila kusita.

Ugumu huanza pale nakshi unayoitaka haimo miongoni mwa zilizokuja na programu. Hapo itakubidi uandike faili la PAT, ambalo ni maandishi matupu yanayoeleza kila kundi la mistari: mwelekeo wake kwa nyuzi, nukta ya kuanzia, umbali wa kuhama kati ya safu na safu, na urefu wa vipande pamoja na mapengo. Kwa kigae cha pembesita chenye ubavu wa milimita 100, mistari ya mlalo ina kipande cha 100 na pengo la 200, kila safu inahama 150, na safu zinaachana kwa 86.60254. Desimali hizo si mapambo. Atakayeandika 86 tu, kwa kudhani tofauti ni ndogo, ataona baada ya safu 50 mistari ya mlalo imeachana na ile ya mshazari kwa takriban milimita 30, na pembesita zake zitakuwa zimevunjika kabla hazijaufikia ukuta. Zaidi ya hayo, faili hili linajua mistari iliyonyooka tu. Nakshi ya magamba ya samaki, yenye matao, italazimika kuundwa kwa vipande vifupi vifupi vilivyonyooka, nayo ni kazi ya subira. Hata upana wa kiungo hauji wenyewe. Ni lazima uchore mistari miwili sambamba.

Rangi nazo zina mipaka. Tangu toleo la 2019, uso unaweza kubeba ruwaza ya mbele na ya nyuma, kila moja kwa rangi yake, na hilo linatosha kutofautisha viungo na vigae. Halitoshi kwa sakafu ya drafti ya vigae vyeusi na vyeupe, ambayo huhitaji picha ya rangi iliyoambatishwa kwenye nyenzo. Ipo amri ya kuoanisha picha hiyo na mistari ya ruwaza, na ninasisitiza itumike kila mara, kwa sababu bila kuitumia, picha anayoonyeshwa mteja inaweza kuwa na mpangilio tofauti na mchoro anaopewa fundi.

Lakini ruwaza, hata ikipendeza namna gani, haihesabiki. Jedwali la nyenzo litakupa mita za mraba, si idadi ya vigae vizima na vilivyokatwa. Anayetaka hesabu hiyo atumie mfumo wa paneli za ukuta wa vioo, ambao huweza kulazwa mlalo kwa kutumia paa la vioo lisilo na mteremko: gridi inagawa uso, kila paneli inakuwa kigae, na kila kipande cha pembeni kinaonekana kwenye jedwali pamoja na eneo lake. Kwa vigae vya mraba na vya mstatili ninaipendelea njia hii, ingawa faili huwa zito vigae vinapofikia maelfu. Kwa rombasi na pembesita, sehemu ya Revit ya kuunda maumbo ina ruwaza zake, na humo nimefurahi kukuta swali la pembezoni likiulizwa waziwazi: kigae cha mpakani kiachwe wazi, kikatwe, au kipite mpaka? Nakshi zisizojirudia, kama za mwanahisabati Roger Penrose, hazitoshei katika njia hizi zote, na hapo huhitajika Dynamo, zana ya kupanga amri kwa kuunganisha visanduku, inayoweza kukokotoa mahali pa kila kigae.

Kwa kazi nyingi za kawaida ningeanza na ruwaza inayofuata jengo, nikaihamishia kwenye paneli pale tu vigae vinapotakiwa kuagizwa kwa idadi. Vyovyote iwavyo, mchoro usitoke kabla ya kuwekewa vipimo viwili, kutoka kila ukuta wa kona moja hadi kiungo cha kwanza, kwa maana hivyo ndivyo fundi atakavyovitafuta kwanza atakapofungua karatasi.