Suspiria kwenye Blu-ray: hatimaye nimeiona rangi yake

Mara ya kwanza nilipoitazama Suspiria, filamu ya kutisha ya mwongozaji Mwitaliano Dario Argento, ilikuwa kwenye banda la video la Kirumba, Mwanza, mbele ya televisheni ya chogo, na kilichobaki kichwani mwangu ni picha ya waridi iliyopauka, nyuso zilizokatwa pembeni na chenga nyingi. Kwa zaidi ya miaka ishirini niliamini kwamba filamu hiyo ya mwaka 1977 ni hadithi dhaifu yenye kelele. Mwezi uliopita shemeji yangu aliniletea kutoka Ulaya diski ya Blu-ray, yenye picha kali kuliko DVD, iliyotokana na usafishaji wa kiwango cha 4K, yaani wa picha yenye nukta nyingi sana, uliofanywa kutoka kwenye negativu ya awali, yaani ukanda uliopita ndani ya kamera. Nimekwisha kuitazama mara tatu nyumbani kwangu Nyegezi, na nakiri kwamba kabla ya hapo nilikuwa sijaiona filamu hii.

Nianze na rangi, kwa kuwa ndizo zinazoibeba filamu nzima. Mpigapicha wake, Luciano Tovoli, aliweka taa kali karibu sana na waigizaji na kuupitisha mwanga kwenye vitambaa vya rangi, hata uso wa mtu ukawa mwekundu upande mmoja na wa buluu upande wa pili bila rangi hizo kuchanganyika. Nakala za sinema zilichapishwa kwa njia ya zamani ya Technicolor, ambayo hupaka wino wa rangi tatu juu ya ukanda wa filamu, mmoja baada ya mwingine, kama mchapishaji wa kanga anavyopiga rangi moja kisha nyingine. Wino huo haupauki kirahisi, ilhali nakala za kawaida za miaka ile zilikuwa zikifa polepole na kubaki na uwaridi mtupu. Kwenye diski hii kuta za shule ya densi ya Freiburg zina wekundu mzito unaoijaza sebule, na kijani cha korido kinatisha kabla hata mtu yeyote hajatokea. Upana wa picha nao umerudi. Filamu ilipigwa kwa upana wa mara 2.35 ya kimo chake, kwa hiyo zile nakala zilizojaza kioo cha televisheni ya zamani zilikuwa zimetupa zaidi ya theluthi moja ya kila picha. Msichana aliyesimama peke yake katikati ya ukumbi mkubwa hawezi kutisha ikiwa ukumbi wenyewe umekatwa.

Sauti nimeipitisha kwenye sabufa ya kawaida, na imetosha. Muziki wa kundi la Goblin, wenye kengele, ngoma na minong'ono ya mtu asiyeonekana, ulianza kutungwa kabla ya filamu kupigwa, na Argento alikuwa akiupiga kwa sauti kubwa mahali pa kazi ili waigizaji waogope kweli. Filamu inafunguka kwa mvua kubwa na safari ya teksi usiku. Nilipoitazama mara ya pili mvua ya ziwani ilikuwa ikipiga mabati yangu, na kwa dakika kadhaa sikuweza kutofautisha mvua ya nje na ya ndani. Faida nyingine ni ya mwendo: DVD nyingi za Ulaya huendesha picha 25 kwa sekunde badala ya 24, muziki ukapanda na kuharakishwa kidogo, lakini diski hii inatembea kwa mwendo halisi wa dakika 98.

Diski ina sauti ya Kiitaliano na ya Kiingereza, na watu huuliza ipi ndiyo ya asili. Kwa desturi ya Italia ya wakati huo sauti zilipachikwa studio baada ya upigaji, kila mwigizaji akiwa amesema lugha yake mbele ya kamera. Mimi napendekeza Kiingereza, kwa sababu ndicho alichosema Jessica Harper, mwigizaji mkuu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda, tukimsikiliza Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, akisimulia juu ya midomo ya watu wengine, hatuna haja ya kusumbuliwa na sauti isiyokaa sawasawa mdomoni.

Kasoro zipo. Maandishi ya tafsiri ni madogo mno kwa televisheni ya inchi 32, na sehemu za giza zinahitaji chumba chenye giza kamili. Deki ya DVD haiwezi kuisoma diski hii; unahitaji deki ya Blu-ray. Ukiagiza, chagua toleo la Ulaya, kwani diski nyingi hufungwa zisomwe na deki za eneo fulani la dunia tu, na kwenye Blu-ray Afrika na Ulaya ziko kanda moja, B, wakati Marekani ni A. Kwenye DVD ni tofauti: Ulaya ni kanda ya 2, sisi ni ya 5.

Kwenye mzigo huohuo kulikuwa na Zombi 2 ya Lucio Fulci, ya mwaka 1979, ambayo imesafishwa vizuri ingawa chembe za picha ni kubwa. Ndivyo ilivyo kwa filamu iliyopigwa kwa Techniscope, inayotumia nusu tu ya nafasi ya kawaida kwenye ukanda. Ni nzuri, hasa pambano la chini ya maji kati ya maiti na papa. Ilikuwemo pia Cannibal Holocaust ya Ruggero Deodato, ya mwaka 1980. Humo wanyama wanauawa kweli mbele ya kamera, na hakuna usafi wa picha unaoweza kunishawishi nikubali jambo hilo. Niliizima kwenye mauaji ya kobe, nikairudisha kwenye kasha lake na kumwomba shemeji aondoke nayo.