Klachi ya hatua mbili ya Massey Ferguson 135: seti ipi inafaa kununuliwa Mombasa

Ukiingia duka la spea Mwembe Tayari au Barabara ya Jomo Kenyatta ukaulizia klachi ya trekta ya Massey Ferguson 135, muuzaji atakuuliza: "Seti nzima au pleti tu, bosi?" Swali zuri, lakini halitoshi. MF 135 zilitoka kiwandani na klachi za aina tofauti. Ziko zenye klachi moja, ziko zenye klachi mbili chini ya pedali moja, na trekta iliyopita mikono mingi huenda imeshabadilishwa na fundi fulani njiani. Usinunue kwa kutaja namba ya trekta peke yake. Beba pleti kuukuu, hata kama imekwisha kabisa, uhesabu meno ya kitovu, yaani tundu la katikati linalovaa shafti, na kupima kipenyo palepale kaunta. Mtu wa Kwale akipelekewa seti isiyo yake, kuirudisha ni foleni ya feri Likoni mara mbili.

Tunaizungumzia hapa ile ya hatua mbili, kwa kuwa ndiyo inayowasumbua wengi. Pleti kubwa hukaa kwenye uso wa flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, nayo ndiyo inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Nyuma yake, ndani ya kava ya presha pleti (sahani inayoibana pleti kubwa kwenye flaiwili), kuna pleti ndogo ya PTO, yaani shafti inayoendesha mashine iliyofungwa kwenye trekta. Kila pleti ina shafti yake, na shafti ya giaboksi hupita ndani ya ile ya PTO iliyo na uwazi katikati. Ukikanyaga pedali nusu, pleti kubwa huachia na trekta husimama huku PTO ikiendelea kuzunguka. Ukikanyaga hadi chini, pleti ndogo nayo huachia na PTO husimama. Faida yake utaiona mashine ya kukata nyasi ikisongwa na majani marefu: unasimama, mashine inayameza taratibu, kisha unaendelea.

Sokoni kuna bidhaa za namna tatu. Ya kwanza ni seti kamili mpya ya mtengenezaji anayejulikana: kava yenye pleti ya PTO ndani, pleti kubwa, beringi ya rilisi na beringi ndogo ya katikati ya flaiwili. Ya pili ni kopi isiyo na jina, kwa bei nafuu. Ya tatu ni pleti yako mwenyewe iliyobandikwa laini mpya, lile gamba la msuguano linaloshika flaiwili.

Ya kwanza ndiyo tunayoipendekeza kwa trekta inayofanya kazi ya PTO kila siku. Pamoja na hayo, usitoe pesa kabla ya kuikagua. Ilaze kava juu ya kioo cha kaunta, upime kwa vernia urefu wa vidole vyote vitatu, vile vinavyosukumwa na beringi ya rilisi ukikanyaga pedali, kutoka kwenye kioo. Vikipishana kwa kiasi cha kuonekana kwa macho, irudishe. Beringi ya rilisi itagusa kidole kimoja kabla ya vingine, presha pleti itafunguka upande, na klachi itatetemeka kila unapoachia pedali. Kisha tazama boliti tatu zinazoamua hatua ya pili inaanzia wapi. Nafasi zake lazima zilingane, na kipimo chake ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi ya seti hiyo. Usichukue cha seti nyingine. Nafasi ikiwa ndogo mno, PTO itasimama pamoja na magurudumu, na hapo umelipia hatua mbili ukapata moja. Ikiwa kubwa mno, PTO haitasimama hata pedali ikifika chini, na anayefungua mashine iliyosongwa atakuwa anaweka mkono karibu na visu vinavyozunguka.

Kopi tunazipa alama za chini, ingawa si zote mbovu. Kasoro kubwa huwa kwenye kitovu. Vika pleti kwenye shafti kuukuu iliyo safi: iteleze bila kukwama, lakini isiyumbe. Kitovu kinachobana huzuia pleti kuachana na flaiwili, na dereva atadhani klachi haijarekebishwa. Kinachoyumba kitatafuna meno ya shafti, na shafti ni ghali kuliko pleti. Angalia riviti pia. Vichwa vyake viwe vimezama vizuri chini ya uso wa laini, maana vilivyo karibu na uso vitaanza kuchora flaiwili laini ikiwa bado mbichi.

Kubandika laini mpya ni kazi halali, na mafundi wa Mombasa wanaojua kuifanya wapo. Inafaa kwa pleti kubwa ikiwa chuma hakijapinda, springi za kitovu hazichezi na meno hayajalika. Pleti ya PTO ni habari nyingine. Kuifikia ni lazima kava ifunguliwe, na springi zake zimebana kwa nguvu nyingi. Bila presi na kifaa cha kupimia vidole wakati wa kuirudisha, unapata kava iliyofungwa kwa kukadiria. Laini za zamani nyingi zilikuwa na asbesto, kwa hiyo vumbi lililo ndani ya nyumba ya klachi lisipulizwe kwa kompresa. Lipanguswe kwa kitambaa kilicholowa.

Sababu ya ukali wetu wote huu ni moja. Kuifikia klachi ya trekta hii ni lazima uigawe trekta katikati, injini upande huu na giaboksi upande ule. Betri itolewe nyaya, boneti itoke, kisha uachanishe fimbo za usukani, kebo za akseleta na za kuzimia injini, na mifereji yote inayovuka katikati. Kabla ya kulegeza boliti, piga kabari za mbao pande zote mbili baina ya ekseli ya mbele na fremu, kwani ekseli hiyo hubembea na injini ikibaki peke yake itapinduka. Jeki ya magurudumu chini ya giaboksi, stendi imara chini ya injini, sakafu ya saruji. Mchangani usijaribu.

Trekta ikishafunguka, badilisha sili zote mbili, ya injini na ya giaboksi, hata kama hazijavuja. Ya nyuma ya krenkishafti katika injini ya Perkins AD3.152 ni ya kamba, na kuiweka kunataka subira. Mafuta meusi chini ya nyumba ya klachi yametoka kwenye injini. Yale ya rangi ya asali ni ya giaboksi. Flaiwili ikikerezwa, ukingo unaobeba kava ukerezwe kwa kiasi kilekile, la sivyo presha pleti haitabana inavyopaswa. Pleti kubwa itazame upande ulioandikwa, na zote mbili zilinganishwe kwa shafti ya bandia yenye ngazi mbili. Fundi anayelinganisha kwa jicho atasukuma injini na giaboksi mpaka jioni, halafu atazivuta kwa boliti. Hapo ndipo kitovu hupinda.

Hewa ya chumvi ya pwani ina adha yake. Trekta ikikaa msimu mzima bila kuwashwa, pleti hushikana na flaiwili kwa kutu, na gia zinakwaruza ingawa pedali iko chini. Dawa ni kuiegesha pedali ikiwa imekanyagwa hadi mwisho na kuzuiwa kwa kipande cha mbao. Nusu itaiokoa pleti kubwa na kuiacha ya PTO.

Wenye Ferguson TE20, iliyotengenezwa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956, hawana hatua ya pili kabisa. Ukikanyaga klachi, uzito wa visu vya mashine ya nyasi huendelea kuisukuma giaboksi, na trekta inatambaa mbele. Wao wanunue kapilingi ya kuteleza yenye meno 6, inayovaa shafti ya trekta ya inchi 1 1/8 na kutoa inchi 1 3/8 upande wa mashine: huzungusha shafti upande mmoja na kuiacha huru upande wa pili. Ni kitu kidogo kinachostahili kila shilingi, mradi kipakwe grisi. Ila kinaongeza urefu, kwa hiyo shafti ya PTO ikatwe kwa kiasi hicho, la sivyo utakapoinua mashine kwa mikono ya haidroli ncha zitagota na kuvunja beringi.