Kubadilisha oili ya gia boksi isiyo na kijiti: gereji moja ya Tabata na Mark X yangu

Gari ninalolizungumzia ni Toyota Mark X ya mwaka 2007, yenye injini ya lita 2.5 na gia boksi ya otomatiki ya gia sita, iliyoingia nchini kutoka Japani ikiwa imeshatumika na ambayo sasa inasoma kilomita 148,000. Kwa miezi kadhaa ilikuwa ikigonga asubuhi kila inapotoka gia ya pili kwenda ya tatu, na foleni ya Barabara ya Mandela, hapa Dar es Salaam, ilinipa nafasi ya kutosha ya kuusikiliza mshindo huo.

Gia boksi hii haina kijiti cha kupimia oili. Ndiyo maana gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, ilinijibu kwa ufupi: "Kaka, hii haibadilishwi, kiwanda kimeshaifunga." Ya pili ilikuwa tayari kuibadilisha papo hapo, ila kwa oili nyekundu ya kwenye pipa, ileile wanayotia kwenye usukani. Kati ya majibu hayo mawili, la pili ndilo lililonitisha zaidi, kwa kuwa gia boksi hii inataka oili ya Toyota WS, ambayo ni nyepesi kuliko T-IV iliyoitangulia, na hata hizo mbili za kiwanda kimoja haziwekwi moja badala ya nyingine.

Jibu la kwanza nalo lina walakini. Kufungwa maana yake ni kwamba mwenye gari hana njia rahisi ya kuipima oili; hakumaanishi kwamba oili haizeeki. Toyota, katika ratiba yake ya matengenezo ya Marekani, inataka oili hii ibadilishwe kila maili 60,000, yaani karibu kilomita 97,000, kwa gari linalovuta tela au kubeba mizigo mizito. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, inayotengeneza gia boksi za magari mengi ya BMW, inashauri kati ya kilomita 80,000 na 120,000, ingawa wauzaji wa magari hayo wamezoea kusema kwamba oili yake ni ya maisha. Maisha ya nani, hawasemi.

Gereji ya Tabata niliyoishia nayo ni ya uani, ina shimo moja na mafundi watatu. Kilichonifanya niiamini ni hatua yao ya kwanza: kabla ya kugusa nati ya kumwagia oili, fundi alilegeza kwanza nati ya kujazia iliyo ubavuni mwa gia boksi. Aliniambia kwamba nati hiyo ikiwa imeganda na wewe umeshamwaga oili, gari litalala hapo hapo. Baada ya hapo alimwaga, akapima kwenye ndoo yenye alama, ikatoka lita tatu kasoro kidogo, nyeusi kama kahawa lakini bila harufu ya kuungua. Alishusha sampo, lile bakuli la chini la gia boksi, na kunionyesha sumaku zilizomo ndani, zikiwa zimevaa tope laini la kijivu, jambo ambalo ni la kawaida kwa umri wa gari. Kama angekuta vipande vya chuma, alisema, angefunga bila kunichaji na kunishauri nijiandae kwa gharama nyingine. Alisafisha sumaku, akaweka gasketi mpya na filta mpya.

Kilichobaki ni kazi ambayo gereji nyingi huifanya kwa kukisia. Oili hupanuka inapopata joto, kwa hiyo kipimo chake hakina maana bila kujua joto lake. Fundi alijaza kwa pampu ya mkono, akawasha injini gari likiwa limenyooka sawasawa juu ya jeki nne, akapitisha gia zote polepole, kisha akaunganisha mashine ya kusoma kompyuta ya gari na kusubiri oili ifike takriban nyuzi 40. Hapo ndipo alipofungua nati ndogo ya kupimia iliyo chini ya sampo, injini ikiendelea kunguruma, akaiacha oili ya ziada itoke mpaka ikawa inadondoka tone tone, akafunga. Ukipima oili ikiwa baridi utaizidisha, na ukipima ikiwa moto kupita kiasi utaipunguza.

Kwa kuwa oili nyingi hubaki ndani, hasa kwenye konveta, lile tungi la chuma lililo kati ya injini na gia boksi, walinitaka niendeshe siku nne kisha nirudi wamwage na kujaza tena. Nilipouliza kuhusu mashine ya kusukuma oili yote kwa mara moja, fundi alikataa. Alisema kwa gari ambalo historia yake haijulikani, anapendelea taratibu. Kazi yote ilimaliza makopo mawili ya lita nne, niliyoyanunua mwenyewe, na ufundi wa mara mbili ukawa shilingi 90,000.

Malalamiko ninayo. Hakuna pa kukaa, na kusubiri oili ipoe kisha ipate joto upya kulinilia saa tano za siku ya kwanza. Risiti niliipata baada ya kuiomba mara tatu, nayo haikutenganisha bei ya filta na ya gasketi, ambazo wao ndio walionunua. Kuhusu mshindo, umepungua sana lakini haujaisha: asubuhi za baridi bado nausikia mara moja, kisha basi. Fundi hakuwa ameniahidi zaidi ya hapo. Alishanieleza kwamba kama clachi za ndani zimelika, oili mpya haitazirudisha, na kwamba mshindo ukibaki tutakagua valvu za umeme zinazoongoza gia. Nimepanga kurudi kwake mwezi ujao kwa kazi hiyo, safari hii nikiwa na kiti changu.