Darasa la maigizo na hadithi kwa watoto wa miaka 5 hadi 8, Dar es Salaam: uzoefu wangu

Nianze na ada, maana ndiyo inayoulizwa kabla ya yote. Ni shilingi 150,000 kwa muhula wa majuma 10, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kipindi cha saa moja na robo. Watoto hawazidi 16 na walimu ni wawili. Idadi hiyo ya walimu ndiyo iliyonifanya nilipe. Mmoja akiwa anaongoza igizo, lazima awepo wa pili wa kumpeleka mtoto chooni, au wa kukaa na yule aliyenuna konani. Darasa la watoto 25 na mwalimu mmoja ni ulinzi tu, si mafunzo.

Ubora wa darasa hili ni kwamba watoto hawapewi karatasi ya maneno ya kukariri. Mtoto wa miaka mitano hajui kusoma vizuri, kwa hiyo maneno atalishwa kwa mdomo, na akilishwa atayatoa kama ngonjera ya siku ya wazazi: macho darini, mikono inapanda na kushuka kwa pamoja, na lahani ni ile ile awe anacheka au amefiwa. Ngonjera ina mahali pake, ila haimfundishi mtoto kumsikiliza mwenzake na kumjibu.

Dakika kumi za mwanzo ni kupasha mwili joto kwa mchezo wa nyama nyama. Mwalimu anataja mnyama. Akiwa analiwa watoto wanaruka, akiwa haliwi wanatulia. Mtaani anayekosea hutoka. Hapa hatoki: akiruka punda anapotajwa, anakuwa punda, kwa mwendo na mlio, mpaka mnyama mwingine atajwe. Ni badiliko dogo lenye akili, kwa sababu ukitoa waliokosea unawakalisha chini wale wale wanaohitaji mazoezi zaidi. Kuita utulivu hakuna filimbi wala makofi. Mwalimu anasema "Paukwa!" kwa sauti ya chini, wote wanaitika "Pakawa!" na kunyamaza. Ukipiga kelele kushinda watoto, nao watapandisha zao.

Hadithi inasimuliwa kwa mdomo, bila kitabu, isizidi dakika saba. Niliyoipenda zaidi ni ya Abunuwasi na sufuria, nayo inafaa mno umri huu: wahusika wawili, kifaa kimoja, na jambo lile lile linajirudia. Anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria ndani, "imezaa." Anaazima tena, safari hii harudishi, "imekufa." Baada ya kusimulia, mwalimu anauliza maswali mawili tu: nani anataka nini, na nani anamzuia? Kisha watoto, wawili wawili, wanatengeneza picha tatu za mwili bila kusema, wakiwa wameganda: kuazima, kuzaa, kufa. Picha zikikaa sawa, kila mmoja anaongeza sentensi moja. Ndipo linapokuja igizo lenyewe, na kila jozi inakuwa na maneno yake. Kuna jirani alijibu, "Baba yake nani?" Ukumbi mzima ukaanguka kicheko, na hakuna mtu mzima ambaye angemwandikia sentensi hiyo.

Ugomvi wa nani awe Abunuwasi wameumaliza kwa kofia. Aliyevaa kofia ndiye Abunuwasi. Katikati ya igizo mwalimu anaihamisha kichwa kingine na hadithi inaendelea pale pale. Watoto wanaielewa mara moja. Faida yake kubwa ni kwamba wote wanalazimika kufuatilia, kwa kuwa hujui zamu yako inakuja lini. Mwenye haya halazimishwi kusema. Anapewa milio: mlango, jogoo, sufuria kugongwa. Baada ya majuma kadhaa wengi wao hudai kofia wenyewe.

Vifaa ni vichache, kanga nne, ungo, fimbo na sufuria, na ndivyo inavyotakiwa. Kanga ikitandikwa ni mto, ikikunjwa ni mtoto mchanga. Mavazi ya simba yaliyoshonwa yanabaki simba tu, tena kwa joto la Dar mtoto anayavua kabla hajaunguruma.

Kosa la kuwapa watazamaji mgongo wanalitibu vizuri pia. Mtoto anageuka kwa sababu anaongea na mwenzake aliye nyuma yake, kwa hiyo kumfokea "geuka!" hakusaidii. Mwalimu anamsogeza yule mwenzake mbele kidogo, upande, na uso unarudi wenyewe. Kuhusu sauti ya mtoto kutosikika, mwalimu anamwambia ampelekee maneno bibi aliyekaa karibu na mlango. Hiyo inafungua kifua bila kukwaruza koo. Feni za ukumbi huo zinavuma sana, na zingezimwa dakika za maigizo.

Sasa lililoniudhi. Majuma matatu ya mwisho yote yaliliwa na maandalizi ya onyesho la wazazi. Karatasi za maneno ya kukariri zikaingia, mavazi yakaagizwa kwa fundi (gharama juu yetu), na siku yenyewe ikaletwa maiki moja ya kushika mkononi. Mtoto anayeshika maiki kwa mkono mmoja na sufuria kwa mwingine hana mkono wa kuigizia, na akigeuza shingo sauti inapotea. Lile igizo lililokuwa hai Jumamosi za katikati likawa kupokezana maiki. Wangefungua mlango tu, wazazi tukae kwenye mikeka tutazame kipindi cha kawaida kwa dakika 20.

Kama unatafuta darasa kama hili, omba kutazama kipindi kizima kabla ya kulipa, na uliza maneno ya igizo yanatoka wapi. Cheti cha TaSUBa, chuo cha sanaa na utamaduni cha Bagamoyo, au shahada ya sanaa za maonyesho kinakuhakikishia mwalimu analijua jukwaa, ila kuwaongoza watoto wa miaka mitano ni ujuzi mwingine, nao utauona kwa macho. Angalia pia michezo ya kupigana. Hapa kuna sheria ya umbali wa mkono mmoja na mwendo wa kobe, hakuna kugusana. Aliye chini ya miaka mitano msubirishe: akimwona zimwi analia kweli.

Natoa nyota nne kati ya tano. Fika mapema, kwani anayechelewa anaikuta hadithi imeshaanza na hairudiwi, na kuigiza kisa usichokisikia ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima.