Mkoba mdogo wa mwindaji wa upinde: kipi kinunuliwe kwanza

Nawinda kulungu Pennsylvania, Marekani, kwa upinde wa jadi, na kila msimu naona wageni wakiingia msituni na mabegi utadhani wanahama nyumba. Kwa upinde huu wengi wetu hatuachii mshale mnyama akiwa mbali zaidi ya mita 20. Ukiwa karibu hivyo, begi linalogongagonga matawi limekwisha kukusaliti. Kwa hiyo kila kitu changu hukaa kwenye mkoba wa kiunoni, na nimevipanga kwa swali moja: kikikosekana, siku imekwisha?

(Walioko Kenya wasihangaike na orodha hii: uwindaji ulipigwa marufuku huko mwaka 1977.)

1. Upote (kamba ya upinde) wa akiba. Mwaka juzi, saa mbili asubuhi, kigumba, yaani ncha kali ya mshale, kiligusa upote nikijipenyeza kwenye miiba, nyuzi kadhaa zikakatika. Wa pili sikuwa nao. Nikarudi nyumbani. Upote wa kawaida hauzidi dola 30, lakini usiukunje mkobani ungali mpya: utumie siku kadhaa hadi umalize kurefuka, utie alama ya mahali pa kuwekea mshale, ndipo uuhifadhi. Pinde za zamani zinataka upote wa dakroni, uzi wa poliesta unaonyumbuka kidogo. Nyuzi za kisasa zisizonyumbuka zinaweza kupasua ncha za pinde hizo. Nunua pia kamba ya kutilia upote. Ukiupinda upinde kwa kuupitisha mguuni, mabawa yake (pande mbili zinazopinda) huweza kupotoka.

2. Kisu. Hapa ndipo watu wanapotupa pesa. Ningechagua hivi:

Mora Companion ya Sweden, chini ya dola 30. Haikunjwi, ubapa wake ni kama sentimita 10, ala ya plastiki huoshwa bombani. Inatumbua, inachuna, haina pa kuficha damu.

Opinel namba 8 ya Ufaransa inafuata. Nyepesi mno na hukunjwa, ila mpini wa mti ukilowa huvimba, na kuufungua kwa vidole vya baridi ni kazi.

Havalon Piranta ni ya tatu. Nyembe zake za kubadilisha ni kali ajabu, lakini ukizipindisha kwenye kiungo zinavunjika, na kutafuta kipande cha wembe ndani ya nyama usiku sikutamanii.

Muislamu anayepiga bismillahi anapoachia mshale aichukue ya kwanza bila kusita: akimkuta mnyama yu hai, atahitaji kisu imara cha kuchinjia.

3. Tochi ya kichwani na karatasi ya chooni. Msicheke. Kulungu hutembea alfajiri na magharibi, kwa hiyo ufuatiliaji mwingi huishia gizani. Weka kipande cha karatasi kila penye tone la damu, kisha geuka nyuma uone mstari unaelekea wapi. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu. Subiri nusu saa hata hivyo. Ukiona majimaji ya kijani yenye harufu, umepiga matumbo: ondoka, rudi baada ya muda wa saa sita au zaidi. Ukimkimbilia utamfukuza hadi mpakani.

4. Leseni, lebo ya mnyama, kalamu na uzi. Karibu bure. Hapa Pennsylvania lebo hujazwa na kufungwa sikioni kabla hujamsogeza mnyama, na kalamu ya wino hugoma kwenye baridi, kwa hiyo beba penseli.

5. Bandeji ya kukaza. Vigumba vikali havichagui nyama.

Nafasi ikibaki: kinga ya vidole ya akiba, kipande cha nta ya kupaka upote, tupa ndogo ya kunolea, mita chache za kamba ya kuburutia.

Nisingenunua kabisa kinyunyizio cha kuficha harufu. Jaza poda ya mtoto kwenye kichupa, ifinye kidogo, utazame inakopeperukia. Ikielekea kwa kulungu, harufu yako nayo inakwenda huko: hama.